Bosco ananikokota njiani na kurukia majirani. Nimfunge mnyororo?

Swali: Salaam mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Bamburi kwenye ploti yenye nyumba sita na geti moja. Tulipewa mtoto wa mbwa, chotara wa jamani shepadi na mbwa wa kienyeji. Sasa ana miezi minne, anaitwa Bosco. Nikimtoa ananikokota mpaka bega linaniuma. Anarukia kila mtu, na majirani zangu wengi ni Waislamu, wanapita hapo wakienda msikitini, nami naona haya. Ndani anauma mikono na nguo za watoto, anakojoa sebuleni, na ikitolewa adhana ya alfajiri naye anaitikia kwa kulia mpaka ploti nzima inaamka. Mume wangu anataka afungwe mnyororo mchana kutwa, eti ndivyo atakavyokuwa mkali wa kulinda. Jirani mmoja anasema achapwe mapema ajue nani bwana. Nifuate lipi?

Jibu: Dada yangu, usifuate hata moja kati ya hayo mawili. Bosco hajaharibika wala hana kiburi. Yuko katika umri ambao mbwa hujaribu kila kitu aone kinamletea nini, na mpaka leo yale unayoyalalamikia ndiyo yanayomletea faida. Nitakaa zaidi kwenye kuvuta na kurukia watu, maana huko ndiko kwenye kazi. Mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyohitaji.

Anza kwa kumtazama anavyovuta. Mko getini, ameona paka juu ya jaa upande wa pili wa njia. Anajitupa mbele, kamba inanyooka, mkono wako unanyooka, nawe unapiga hatua mbili tatu kumfuata usije ukaanguka. Paka kakimbia zake, lakini Bosco amefika jaani na sasa ananusa matumbo ya samaki. Kwa hesabu yake amefanya kazi na amelipwa, na aliyemlipa ni wewe, kwa miguu yako mwenyewe. Ongeza na jambo la maumbile: mbwa akihisi anavutwa nyuma, mwili wake hujibu kwa kusukuma mbele. Kwa hiyo kila unapoikaza kamba kumrudisha, unamzidishia ari ya kuvuta.

Basi kwa kila tabia inayokukera, kabla hujauliza utamzuiaje, uliza nani anamlipa na anamlipa nini. Kisha ufanye mawili: uyazibe malipo ya ile usiyoitaka, na uyafungue malipo ya ile unayoitaka mahali pake. Hili la pili ndilo watu wengi hulisahau. Wanamkataza mbwa kutwa nzima, hapana, acha, toka, shuka, na hakuna hata mmoja aliyemwonyesha afanye nini.

Habari ya bwana, jirani yako hakuitunga yeye. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na namna walivyokuwa wakigombania ukubwa. Watu wakaichukua hadithi hiyo wakaileta nyumbani kwa mbwa wa kawaida. Mmarekani David Mech, ambaye naye alichangia kuieneza mwaka 1970, alikuja kuwafuatilia mbwa mwitu porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Hata mbwa mwitu mwenyewe, kwa hiyo, hamsumbui mwenzake kwa namna ile tunayosimuliwa. Fimbo itamnyamazisha Bosco kwa dakika ile, hilo silikatai. Lakini atakachojifunza ni kwamba mkono wa mtu ukija juu ya kichwa chake una hatari, na mkono utakaomjia kesho ni wa mwanao.

Sasa vifaa. Achana na mnyororo wa kukaba shingo, na achana na ile kamba ya kujikunja inayorefuka kadiri mbwa anavyovuta; hiyo inamfundisha waziwazi kwamba ukivuta unapewa njia. Mtafutie hanesi, ile mikanda inayovaliwa kifuani na mgongoni badala ya shingoni, yenye pete moja mbele, kifuani, na nyingine mgongoni. Akivuta, pete ya kifuani inamgeuza akuelekee badala ya kumbana koo. Kama ya dukani ni ghali, fundi viatu mzuri atakushonea kwa mkanda wa begi, mradi umpelekee vipimo vya kifua na shingo na umwambie aweke pa kulegezea, maana Bosco bado anakua. Vidole viwili vipite kwa nafasi kati ya mkanda na ngozi. Kamba iwe ya kitambaa, mita mbili hivi, inatosha.

Malipo yawe chakula anachokihusudu, kilichokatwa vipande vidogo mno, kama punje ya mahindi. Maini ya kuchemsha ni mazuri. Kuku wa kuchemsha bila chumvi naye anafaa. Dagaa wakavu pia, lakini wale wa chumvi waloweke kwanza uyabadilishe maji. Punguza kwenye bakuli lake la jioni kadiri ulivyompa mchana. Na kwa kuwa tuko Mombasa, niseme: pilau na biriani si malipo ya mbwa, hata watoto wakikubembeleza. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na zabibu kavu zinaweza kumharibu figo. Mifupa ya kuku aliyepikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha.

Chagua neno moja fupi la kumwambia kwamba hapo hapo amefanya vizuri. Mimi hutumia "Safi!" kwa sababu ni jepesi mdomoni na watu hulisema kwa uso wa furaha. Kaa naye jikoni, useme "Safi!" kisha umpe kipande, na urudie hivyo mara kadhaa mpaka ukilisema tu anageuka kukutafuta. Hapo neno limeshakuwa na thamani. Neno lije kwanza, mkono ufuate. Mkono ukitangulia, atajifunza kuutazama mkono.

Siku za mwanzo usitoke getini kabisa. Mvalishe hanesi ndani, umwache atembee nayo akila, aizoee. Kisha mwende uani, wakati hakuna mtu. Weka vipande kwenye mkono wa upande anaotembea, tuseme kushoto. Piga hatua moja. Akiwa ubavuni mwako na kamba imelegea, ikining'inia chini kama herufi U, sema "Safi!" na umpe kipande kando ya goti lako, si mbele yako. Mahali unapolipia ndipo mbwa atakapopenda kukaa. Ukimlipia mbele, kila mara atakupita akageuke kukukabili, na utajikwaa naye. Hatua moja, kipande. Hatua mbili, kipande. Hatua tano. Rudi kwenye mbili, maana akishagundua kwamba kazi inazidi kuwa ngumu tu, atachoka. Dakika tano, ufunge kazi, akalale. Mtoto wa umri wake hulala sehemu kubwa ya siku, na akikosa usingizi ndipo mnapoona vile vituko vya jioni vya kukimbia huku na huko.

Kamba ikinyooka, simama. Usimvute, usimkaripie, usimwite. Ugande hapo kama nguzo ya stima. Atavuta, atakutazama, pengine atabweka. Nukta ile atakapogeuka au kurudi nyuma kidogo na kamba ikalegea, "Safi!", na mwendelee. Asipogeuka baada ya muda, wewe geuka, mwende upande mwingine kwa mwendo wa uchangamfu, na akikufikia ubavuni umlipe. Mara za kwanza mtachukua robo saa kutoka mlangoni mpaka getini, na wapangaji wenzio watakuuliza kama umepoteza kitu.

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, na nataka uelewe sababu. Leo unasimama kila akivuta. Kesho umechelewa, unamwacha akukokote mpaka dukani. Kesho kutwa unasimama tena. Unadhani ile siku moja haina neno, kumbe ndiyo iliyoharibu. Tabia inayolipwa mara moja moja tu hushika mizizi kuliko ile inayolipwa kila mara. Ndiyo maana kijana hukaa kwenye mashine ya kamari kibandani akatia shilingi baada ya shilingi, kwa kuwa hajui ni ipi itakayotoa. Bosco akijua kwamba kuvuta kunaweza kulipa, atavuta mpaka uzeeni.

Lakini najua una watoto wa kupeleka shule na maisha hayasimami. Kwa hiyo fanya hivi: siku ya mafunzo, funga kamba kwenye pete ya kifuani. Siku ya haraka, ifunge kwenye pete ya mgongoni, na siku hiyo usidai kitu. Mbwa hutofautisha haraka sana kati ya vifungo hivyo viwili. Na wote mnaomshika, wewe, mzee wa nyumba, dada wa kazi, mfuate mpango huo huo na maneno yale yale. Mmoja akisema "shuka", mwingine "acha", wa tatu "toka" kwa jambo lile lile, Bosco atafuata lake.

Si lazima malipo yawe chakula siku zote. Kwa mbwa, kunusa ndiko kusoma magazeti ya mtaa, na mtoto aliyetembezwa bila kunusa anarudi nyumbani hajatulia. Mkitembea hatua kumi kwa kamba iliyolegea, mwambie "Kanuse!" na umpeleke kwenye mti au ukuta anaoutamani. Lile jaa alilokuwa akikukokotea sasa unalitumia wewe kumlipa. Mimi nina imani zaidi na malipo haya kuliko maini, kwa sababu mtaani maini yana mpinzani kila kona.

Kabla ya kutoka getini hakikisha chanjo zake zimekamilika. Chanjo za pavo na distempa, maradhi ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike kama wiki 16, na ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi mitatu. Muulize daktari wa mifugo, umwonyeshe kadi. Mbwa wa mtaani wanapita kwenye vichochoro vyetu na pavo hukaa kwenye udongo muda mrefu.

Halafu joto. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ya pwani ikijaa unyevu, kuhema hakumsaidii sana. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, mtoe saa kumi na mbili asubuhi, au jua likishazama. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Ufuo wa Bamburi ni mzuri sana alfajiri maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu na watu wachache, ila beba maji yake ya kunywa asije akayanywa ya bahari. Wale ngamia wa kupandisha wageni, mara ya kwanza waone kwa mbali. Umbali ndiyo dawa ya kwanza ya kitu chochote kinachomsisimua: ukiona amekaza mwili na hataki hata maini, mko karibu mno, rudini nyuma mpaka aweze kula.

Tuje kwa majirani. Mimi si shekhe, lakini mtu anayefuga mbwa Mombasa sharti ajue hili. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi ambayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyeshatawadha, kanzu imepigwa pasi, anakwenda kuswali Magharibi. Bosco akimgusa kwa pua yake mbichi, itabidi arudi nyumbani akajisafishe, na huenda jamaa ikampita. Kwa hiyo jirani akikunja pindo la kanzu mkipishana, usilichukue kama dharau. Na hao hao wanajua kwamba mbwa aliyefunzwa ana nafasi yake. Qur'ani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, imeruhusu kula kilichowindwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Ugomvi wa ploti mara nyingi hauletwi na mbwa kuwepo. Unaletwa na mbwa asiyeshikika.

Mfundishe Bosco kupisha. Kwanza ajue "Keti": shika kipande mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, makalio yatashuka yenyewe, "Safi!", mpe. Likishakolea ndani na uani, mpeleke kichochoroni. Ukiona mtu anakuja, usingoje afike. Toka njiani, simama ukutani, wewe uwe kati ya mbwa na mpitaji, fupisha kamba bila kuikaza, "Keti". Sasa mlishe: kipande, kipande, kipande, mfululizo, mtu anakaribia, mtu yuko sambamba nanyi, mtu anapita. Akishapita, maini yanakwisha. Baada ya muda utaona kitu cha kufurahisha: Bosco anamwona mtu kwa mbali, na badala ya kujitupa mbele anageuka kukutazama wewe, kana kwamba anauliza, je, hatuketi? Hapo anza kupunguza vipande, kimoja mtu akija, kimoja akishapita.

Mavazi yetu nayo ni mtihani wake wa pekee. Pindo la buibui, leso, kanzu, vyote hupepea usawa wa pua yake, na kitu kinachopepea humwamsha mtoto wa mbwa silika ya kukimbiza. Usisubiri afanye mazoezi kwa mke wa jirani. Jifunge leso wewe mwenyewe, uani, utembee polepole. Akiitazama bila kuishika, mlipe. Ongeza mwendo kidogo kidogo, kisha izungushe kama inavyopeperushwa na upepo. Akiishika, simama wima ili leso iwe imekufa, haina mchezo. Akiiachia, mlipe na uendelee.

Kurukia watu kunalipwa na macho, mikono na sauti. Ukimsukuma, umemgusa. Ukimfokea, umeongea naye. Akiruka, mgeuzie mgongo kimya. Miguu minne ikiwa chini, inama umsalimie huko huko chini. Wageni huwezi kuwafundisha, maana kila anayekuja atasema "mwache tu, mimi napenda mbwa", na hapo kazi ya wiki nzima imekwenda. Kwa hiyo hodi ikipigwa, Bosco awe kwenye kamba. Mtandikie leso kuukuu pembeni ya sebule, umfundishe kwamba akilala hapo vipande vinadondoka. Mgeni akiingia, mpeleke pale, kanyaga mwisho wa kamba, umlipe akiwa ametulia. Usitumie mkeka, atautafuna.

Na kutafuna ndiko kunakotuleta kwa watoto. Kuanzia umri wake huu meno 28 ya utoto yanadondoka na ya ukubwani 42 yanaota, kazi ambayo humalizika akiwa na miezi sita au saba hivi. Fizi zinamwasha. Anapouma mkono, mtoto anapiga kelele na kukimbia, na Bosco anaona mchezo umeanza. Wafundishe watoto kugeuka mti: mikono kifuani, macho juu, kimya. Akiendelea kuuma, mtoto apande juu ya kochi au atoke chumbani kwa nusu dakika. Mchezo uishe kila jino linapogusa ngozi, na uanze tena akitulia. Wakati huo huo awe na cha kutafuna: kitambaa kilicholoweshwa, kikafungwa fundo na kugandishwa kwenye friji, au karoti baridi. Kumbi la nazi analipenda, lakini nyuzi zake akizimeza zinaweza kumziba utumbo. Watoto wasiachwe naye peke yao hata dakika moja, wala wasimsumbue akila au akilala. Na jino likitoboa ngozi, hata kama ni mbwa wenu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha mwende hospitali.

Kila jioni, mkiwa mmekaa, mguse masikio, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, kwa kipande baada ya kila mguso. Hapo ndipo kupe hujificha, na pwani kupe hawana msimu. Mbwa aliyezoea kushikwa hatamuuma daktari.

Adhana. Sauti ndefu ya kuvutwa huwafanya mbwa wengi waitikie, hakuna ubaya wala ishara yoyote ndani yake. Bahati nzuri tuko karibu na ikweta, kwa hiyo nyakati za adhana hazibadiliki sana mwaka mzima, na wewe unaweza kuiwahi. Anza na adhuhuri na alasiri, si alfajiri. Sauti ikianza tu, mwagia vipande sakafuni avitafute, na ikiisha, viishe. Mbwa anayenusa sakafu hana nafasi ya kuinua kichwa na kulia. Kwa alfajiri, alale ndani, mbali na dirisha la upande wa msikiti, na feni iwake ifunike sauti kidogo. Mkimkemea kwa kelele kwa pamoja, yeye anasikia kwaya imeongezeka.

Mkojo wa sebuleni ni suala la ratiba zaidi ya mafunzo. Mtoe kila akiamka, kila akimaliza kula, kila mkimaliza kucheza, na kabla ya kulala, mahali pale pale, umngoje, na umlipe hapo hapo akishamaliza. Ukimlipa mkirudi ndani, umemlipa kwa kuingia mlangoni. Mchana, miezi minne, asikae zaidi ya saa nne bila kutolewa. Akikojoa ndani na hukumwona, pangusa tu. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha nyuma ya kochi. Safisha kwa maji na siki, usitumie dawa yenye amonia kwani inanuka kama mkojo wenyewe, wala usimwage jiki juu ya mkojo ambao haujapanguswa, moshi wake unakaba.

Mzee wa nyumba mweleze hivi. Mbwa anayefungwa mchana kutwa kweli huwa mkali, lakini ukali wake ni wa woga na uchovu. Hachagui. Atabwekea mwizi, mtoto wa jirani na mwenye kuleta maji kwa sauti ile ile, na mwishowe hakuna anayeamka kutazama. Mbwa wa kulinda anatakiwa awajue watu wa geti, awe na utulivu wa kutambua kipi ni kigeni. Damu ya shepadi anayo, kubweka kutakuja kwenyewe akikaribia mwaka. Kama kuna saa ambazo lazima azuiliwe, mzungushieni pembe ya ua yenye kivuli na maji, au afungwe kwa kamba ndefu kwa muda mfupi mtu akiwepo.

Akifika miezi saba au minane utadhani amesahau kila kitu. Ni ujana. Rudi uani, hatua moja moja, kwa wiki chache. Lakini kama ananguruma huku amekaza mwili mtu akikaribia bakuli lake, usijaribu kumnyang'anya kumwonyesha. Mpigie anayefundisha mbwa au daktari aje aone. Na huo mkojo, utazame kesho asubuhi: kama anatoa kidogo kidogo kila mara, au una damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kuanza lolote nililolisema, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo hayafundishiki.